Je, Wajua Kwa Nini Shirika Hurudisha Fedha za Mfadhili Hata Pale Ambapo Hakuna Aliyeiba?

Tuseme shirika dogo lenye ofisi Mikocheni, Dar es Salaam, limepata ruzuku ya dola 150,000 ya kujenga mifumo ya kuvuna maji ya mvua kwenye shule za msingi za Temeke. Mradi umekwisha. Masimtanki yapo, mabomba yanatoa maji, walimu na wazazi wameridhika. Miezi mitano baadaye mkaguzi anakuja, anakaa wiki nzima na mafaili, na ripoti yake inalitaka shirika lirudishe dola 11,995. Hajakuta tangi hewa wala mfanyakazi hewa, na hakuna mtu aliyeweka hata shilingi moja mfukoni.

Mfano huu ni wa kutungwa, ila makosa yaliyomo ndiyo yale yale wakaguzi wanayoyakuta mwaka hadi mwaka. Tutayafuata moja moja mpaka hiyo 11,995 itimie. Kwa urahisi, hesabu zote tutazifanya kwa dola moja kuwa shilingi 2,700.

Fedha iliyoko benki bado ni deni

Watu wengi hudhani fedha ya mfadhili ikishaingia kwenye akaunti inakuwa mali ya shirika. Mhasibu aliyefundishwa vizuri haiandiki hivyo. Awamu ya kwanza ikiingia, anaiandika upande wa madeni, na inahamia kwenye mapato kidogo kidogo kadiri inavyotumika kwa masharti ya mkataba. Tumizi lisilotimiza masharti haliwezi kupunguza deni hilo, hata kama lilileta tangi zuri kuliko yote wilayani. Shirika linakuwa limetumia fedha na bado linadaiwa.

Kwa kila malipo, mkaguzi anauliza maswali manne: je, tumizi hili lilikuwa la mradi huu? Lilifanyika ndani ya tarehe za mkataba? Lilifuata bajeti na taratibu za manunuzi? Ushahidi uko wapi? Majibu matatu mazuri hayafidii moja lililokosekana, na hapo ndipo watu waaminifu wanaponaswa.

Kabla hata ya matumizi kuanza, kuna hatua ya nyumbani ambayo haimhusu mfadhili. Kwa kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018, mkataba wa fedha inayozidi shilingi milioni 20 unatakiwa kufikishwa Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku kumi tangu kusainiwa. Siku kumi hizo hupita upesi mno ikiwa nakala iliyosainiwa na pande zote mbili bado imelala kwenye barua pepe ya mkurugenzi aliye safarini.

Tarehe

Mkataba una siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Tumizi huhesabiwa kwa siku kazi ilipofanyika au mali ilipopokelewa, na siku ya kulipa haiamui. Fundi aliyepima mapaa ya shule tarehe 22 Februari, wakati mradi unaanza tarehe 1 Machi, hawezi kulipwa na ruzuku hiyo mpaka mkataba useme wazi kwamba gharama za awali zinakubalika. Upande wa mwisho ni vivyo hivyo: lori la matofali lililolipiwa tarehe 28 Desemba likafika tarehe 4 Januari limefika nje ya mradi uliofungwa tarehe 31 Desemba. Lakini kazi iliyokamilika tarehe 29 Desemba na kulipwa katikati ya Januari kwa kawaida inakubalika, mradi malipo yawe yametoka kabla ya ripoti ya mwisho.

Kosa kubwa la tarehe linaitwa "kumalizia bajeti". Mwezi wa mwisho umefika, bado kuna salio, na mtu anapendekeza zinunuliwe kompyuta mpakato tatu, kila moja shilingi 2,295,000, jumla 6,885,000. Zinafika tarehe 20 Desemba. Mkaguzi anauliza swali moja tu: kompyuta hizi zimeufanyia nini mradi katika siku kumi na moja zilizobaki? Jibu hakuna. Dola 2,550 zimeondoka.

Salio likionekana, njia halali ni kuomba kuongezewa muda bila kuongezewa fedha. Mikataba mingi hutaka ombi hilo lifike angalau siku 30 kabla ya mradi kuisha. Maana yake, shirika linapaswa kujua mapema, tuseme mwishoni mwa Oktoba, ni kiasi gani hakitatumika, na hilo haliwezekani kama vitabu vya Septemba bado havijafungwa.

Tarehe inaweza pia kubadilishwa na mfadhili mwenyewe. Baada ya amri ya rais wa Marekani ya tarehe 20 Januari 2025, mashirika mengi yaliyokuwa yakipata fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, yalipokea barua za kusimamisha kazi, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika hilo likafungwa rasmi kama chombo kinachojitegemea. Barua ya namna hiyo ikifika, saa na tarehe ya kupokelewa kwake ziandikwe siku ile ile. Gharama zinazoendelea baada yake huangaliwa upya moja moja, na ni zile tu zisizoepukika zenye nafasi ya kulipwa.

Mishahara: mahali fedha nyingi hupotea kimya kimya

Chukua afisa mmoja anayehudumia miradi miwili ya wafadhili wawili. Mshahara wake ghafi ni 1,800,000 kwa mwezi. Mwajiri anaongeza asilimia 10 ya NSSF, asilimia 0.5 ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi na, kwa shirika lenye wafanyakazi 10 au zaidi lisilo na msamaha, asilimia 3.5 ya SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi. Jumla ni asilimia 14, yaani 252,000. Gharama yake halisi ni 2,052,000 kwa mwezi. Anayetengeneza bajeti akisahau nyongeza hiyo anaanza mwaka na pengo la 3,024,000 kwa mtu mmoja.

Bajeti inasema nusu ya afisa huyu ni ya mradi wa Temeke: 1,026,000 kwa mwezi, 12,312,000 kwa mwaka. Mhasibu anaigawa hivyo hivyo kila mwezi. Mwisho wa mwaka zinajazwa karatasi za saa za kazi, kwa siku moja, kwa kalamu moja, zikionyesha saa nne mradi huu na saa nne ule, kila siku bila kupungua hata dakika. Hata tarehe 7 Julai, sikukuu ya Sabasaba, afisa ameandikwa saa nne na nne. Hata wiki mbili alizokuwa likizo.

Mkaguzi akiona siku ile ya Sabasaba hahitaji kuona nyingine. Karatasi zote zimepoteza uaminifu, na mshahara wote uliozitegemea unakataliwa: dola 4,560. Inauma zaidi kwa sababu huenda afisa huyo aliufanyia mradi wa Temeke kazi kubwa kuliko hiyo nusu. Wafadhili wengi, Wamarekani wakiwa wa kwanza, wanasema asilimia iliyoandikwa kwenye bajeti ni makadirio tu. Kinacholipwa ni muda uliofanyiwa kazi kweli.

Dawa yake ni nyepesi ila inataka nidhamu. Karatasi ijazwe kila Ijumaa na mfanyakazi mwenyewe, msimamizi wake aisaini Jumatatu, na mwisho wa mwezi mgawanyo wa mshahara ufuate saa zilizojitokeza. Mwezi mmoja utakuwa 43 kwa 57, mwingine 61 kwa 39. Namba zisizo nadhifu ndizo zinazoaminika. Likizo na sikukuu nazo zigawanywe kwa uwiano huo huo, ziandikwe kwa jina lake.

Kariakoo, profoma na risiti

Mwongozo wa shirika unasema manunuzi yanayozidi shilingi 5,000,000 yanahitaji profoma tatu, yaani hati za bei kutoka maduka matatu tofauti kabla ya kununua. Mabomba na koki zinanunuliwa Kariakoo kwa 8,100,000. Kwa sababu mafundi wanasubiri shuleni, afisa manunuzi analipa 4,900,000 leo na 3,200,000 kesho, duka lile lile. Bei ilikuwa nzuri, mali ilikuwa nzuri. Mkaguzi anaziweka risiti mbili sambamba na kuandika "manunuzi yaliyokatwa vipande ili kukwepa utaratibu". Dola 3,000.

Profoma zenyewe zina mitego yake. Tatu zilizotoka duka moja kwa majina matatu hujulikana upesi: namba ya simu iliyo chini inafanana, kosa lile lile la tahajia linajirudia, au tarehe ya profoma ni ya baadaye kuliko ya risiti. Kama bidhaa inauzwa na mfanyabiashara mmoja tu, usitafute profoma za kusindikiza. Andika barua fupi inayoeleza ni maduka gani yalitembelewa, siku gani, yakajibu nini, mkurugenzi aiidhinishe kabla ya kununua. Mkaguzi huipokea barua ya namna hiyo kwa heshima kubwa kuliko profoma mbili za uongo. Na pale mwongozo wa shirika na mkataba wa mfadhili vinapotofautiana kiwango, fuata kilicho kikali zaidi.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, iwe na jina la shirika na TIN yake, yaani namba ya mlipa kodi. Ina namba ya uhakiki inayoweza kuingizwa kwenye tovuti ya TRA. Kuihakiki palepale dukani huchukua dakika moja na huokoa aibu ya risiti bandia. Karatasi yake huandikwa kwa joto, na baada ya miezi kadhaa kwenye joto la Dar es Salaam maandishi hufifia mpaka yanabaki meupe. Itoe nakala au ipige picha siku ile ile, ibanwe pamoja na hati ya malipo, profoma, mchanganuo wa kulinganisha bei na hati ya kupokelea mali.

Mafaili hayo hutakiwa kukaa muda mrefu: wafadhili wa Marekani husema miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho; Umoja wa Ulaya husema miaka 5 baada ya malipo ya mwisho, au 3 kwa ruzuku isiyozidi euro 60,000; sheria ya kodi ya hapa nayo inataka 5. Shika muda mrefu kuliko yote. Maboksi yawekwe juu ya rafu, mbali na sakafu na mchwa, na ofisi iliyo karibu na bonde la Msimbazi isiyaweke chumba cha chini hata kidogo.

Semina na masurufu

Walimu 27 wamehudhuria mafunzo ya siku tatu ya kutunza mifumo ya maji, kila mmoja shilingi 30,000 kwa siku kwa nauli na chakula. Jumla 2,430,000. Siku ya kwanza, ili kuokoa muda, orodha zote tatu zinapitishwa na kusainiwa. Siku ya tatu walimu wanne wana mtihani wa majaribio shuleni kwao na hawaji, lakini saini zao zipo. Shajara ya shule inaonyesha walikuwa darasani. Dola 900 zinakataliwa zote, kwa sababu mkaguzi hana tena njia ya kujua ni saini zipi za kweli.

Orodha isainiwe kila siku asubuhi na mchana, iwe na shule na namba ya simu, na malipo yapitie simu badala ya bahasha. Taarifa ya malipo ya pamoja kutoka kampuni ya simu inaonyesha jina lililosajiliwa, kiasi na saa. Iambatanishwe na orodha. Jina la simu lisipofanana na la mshiriki, chukua maelezo siku hiyo hiyo. Bodaboda hana risiti, na hakuna mfadhili mwenye akili anayetegemea awe nayo: tumia fomu ya malipo yasiyo na risiti yenye jina la dereva, simu, alikotoka, alikokwenda, kiasi na saini.

Masurufu, yaani fedha anayotangulizwa mfanyakazi kwa ajili ya kazi, yana kosa lake, na hili huchafua ripoti hata kama haliondoi fedha. Ofisa anapewa 3,200,000 tarehe 28 Machi kwa kazi ya wiki ya kwanza ya Aprili. Ripoti ya robo mwaka inafungwa tarehe 31 Machi ikiionyesha 3,200,000 kama matumizi. Tarehe 9 Aprili anarejesha masurufu: ametumia 2,740,000, amerudisha benki 460,000. Ripoti ya Machi ilikuwa na kosa la milioni tatu na laki mbili, maana siku ile hakuna kilichokuwa kimetumika. Masurufu ni deni la mfanyakazi mpaka yarejeshwe. Kanuni inayosaidia sana ni kutompa mtu masurufu mapya kabla hajarejesha ya zamani, awe dereva au mkurugenzi.

Kodi

Faini ya kuchelewa kupeleka kodi hailipwi na mfadhili, na kwenye hili wafadhili wanafanana karibu wote. PAYE, yaani kodi ya mishahara, na kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kabla ya kumlipa mtu, zinatakiwa kufika TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Mfano wetu una faini za 540,000, yaani dola 200.

Kodi ya zuio huleta mvutano zaidi kwenye pango. Kodi ya pango ya 1,500,000 inakatwa asilimia 10: mwenye nyumba anapokea 1,350,000 na TRA 150,000. Mwenye nyumba akigoma akitaka 1,500,000 kamili mkononi, shirika hujikuta linaongeza kodi kutoka mfukoni kwake, na nyongeza hiyo haimo kwenye bajeti. Liandikwe kwenye mkataba wa pango siku ya kwanza. Mtaalamu mkazi anayelipwa ada ya 4,000,000 naye hukatwa asilimia 5, yaani 200,000. Aambiwe kabla ya kuanza kazi.

VAT ya asilimia 18 inahitaji jicho la mapema. Mifumo yenye bei ya 11,800,000 dukani ina VAT ya 1,800,000 ndani yake. Baadhi ya mikataba inasema mfadhili halipi kodi inayoweza kusamehewa au kurudishwa. Msamaha haujileti, unategemea makubaliano na serikali, unaombwa, na unakuja kabla ya kununua. Soma kifungu hicho wakati wa kuandika andiko la mradi, si wakati fundi ameshashusha mali.

Dola iliposhuka

Hili halimo kwenye zile 11,995, lakini limeliza mashirika mengi. Miezi ya mwisho ya 2024 dola ilishuka kutoka karibu shilingi 2,700 hadi chini ya 2,450 katika muda mfupi. Ruzuku ya dola 150,000 iliyopangwa kwa 2,700 ni shilingi 405,000,000. Kwa 2,450 ni 367,500,000. Shilingi 37,500,000 zimeyeyuka bila mtu kufanya lolote, na tangu Machi 2025, kanuni zilipozuia bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, hata pango la Masaki lililozoea dola hulipwa kwa shilingi.

Athari ya pili haionekani haraka. Kasma, yaani fungu la bajeti, ya ujenzi wa shule moja ilikuwa 24,500,000, sawa na dola 9,074 kwa 2,700. Fundi amelipwa shilingi zile zile, hakuongeza hata moja. Kwa 2,450 ripoti inaonyesha dola 10,000, yaani kasma imezidi kwa zaidi ya asilimia 10, na mikataba mingi hutaka ruhusa ya maandishi kwa mabadiliko yanayovuka kiwango hicho. Kwa hiyo ripoti ya ndani ya kila mwezi iwe na safu mbili, shilingi na dola, na kiwango cha kubadilishia kiwe kile kilichotajwa kwenye mkataba, kiwe cha siku fedha ilipoingia au wastani wa mwezi. Kuchanganya viwango kwa kuchagua kinachopendeza ni kosa jingine kamili.

Nani hulipa?

Jumlisha sasa: kompyuta 2,550, mshahara 4,560, mabomba 3,000, semina 900, faini 200. Ni dola 11,210. Zilizobaki 785 zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye gharama za uendeshaji. Mfadhili hulipa asilimia fulani juu ya gharama za moja kwa moja ili kusaidia pango, Luku, intaneti na ukaguzi wa ofisi kuu. Umoja wa Ulaya una ukomo wa asilimia 7. Marekani, tangu Oktoba 2024, humruhusu asiye na kiwango alichokubaliana na serikali hiyo kudai hadi asilimia 15. Katika mfano wetu ni 7. Asilimia hiyo hukokotolewa juu ya gharama zilizokubaliwa tu, hivyo kila dola 100 inayokataliwa inaondoka na wenzake saba. Asilimia 7 ya 11,210 ni 785.

Kabla ya hapo kuna nafasi ya kujitetea. Mkaguzi hutoa rasimu, na shirika hupewa siku chache, mara nyingi wiki mbili au tatu, kuleta ushahidi. Barua za kulalamika hazisaidii. Nyaraka za wakati ule ndizo husaidia: barua pepe ya mfadhili iliyoruhusu, picha zenye tarehe, taarifa ya malipo ya simu. Kutengeneza nyaraka mpya na kuzirudisha tarehe nyuma hugeuza kosa la utaratibu kuwa udanganyifu. Na kosa ulilolikuta mwenyewe kabla ya mkaguzi lihamishe: toa gharama hiyo kwenye mradi, eleza kwa maandishi, rekebisha ripoti inayofuata.

Kinachoshindikana baada ya utetezi hulipwa na shirika lenyewe. Haliwezi kuchukua fedha ya mfadhili mwingine, maana nayo ni deni lenye masharti yake. Dola 11,995 ni shilingi 32,386,500. Gharama za uendeshaji za ruzuku yote zilikuwa dola 9,813. Baada ya kukatwa 785 zimebaki 9,028, na hizo zilishalipa pango la Mikocheni na umeme wa mwaka uliopita. Pungufu linatoka kwenye michango ya wanachama na akiba, kama ipo. Shirika linalotarajia ruzuku ya kwanza lifungue akaunti tofauti kwa ajili ya akiba hiyo kabla ya awamu ya kwanza kuingia, na kila mwezi liweke humo sehemu ya fedha yake lenyewe, hata kama ni laki mbili.